Kuhamisha nyumba nzima Dar hadi Mbeya kwa gari la kurudi: uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia ni gari la kurudi, yaani Fuso iliyoshusha ndizi, viazi au mbao Dar es Salaam na haitaki kurudi Nyanda za Juu Kusini ikiwa tupu. Nimeitumia kuhamisha vyombo vya nyumba ya vyumba vitatu kutoka Mbagala, Dar, hadi Uyole, Mbeya, kilomita 830 hivi. Kwa bei, sijaona ya kuishinda: gari maalum nililotajiwa lilikuwa karibu mara mbili. Ila unafuu huo una sababu. Mwenye gari anauza nafasi, na nafasi yoyote utakayoiacha wazi ataiuza kwa mwingine. Sehemu kubwa ya kilichoharibika kwenye mzigo wetu iliharibiwa na hilo, si na barabara.

Kabla ya kupatana bei, piga hesabu ya dizeli. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo bei ya lita unaijua hata kabla hujaongea na dereva. Fuso ya tani 10 yenye vyombo vya nyumbani hula kama lita moja kwa kilomita 4. Hadi Mbeya ni lita 210 hivi. Ongeza posho ya dereva na utingo, weka faida ya tajiri mwenye gari, utaona bei ya haki inaangukia wapi. Gari maalum linakulipisha mafuta ya kwenda na ya kurudi, la kurudi mafuta ya kuja lilishayatoa kwenye viazi. Anayekutajia bei ya gari maalum kwa gari la kurudi anakuuzia mafuta ambayo yameshalipwa.

Magari haya utayapata sokoni asubuhi, Mabibo kwa mfano, yakimaliza kushusha. Dalali atakuunganisha na dereva haraka, na kazi hiyo anaifanya vizuri. Lakini usimalizane na dalali. Ongea na tajiri kwenye simu, aseme mwenyewe bei ni kiasi gani na nafasi ni yako yote au nusu. Piga picha kadi ya gari, leseni ya dereva, stika ya bima na namba ya gari. Na bima hiyo isikudanganye: bima ndogo ya gari haigusi vyombo vyako. Gari likipinduka au likiungua, friji na makochi ni hasara yako, isipokuwa umekata bima ya mizigo iliyo safarini, ambayo ni bima nyingine kabisa. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri aulize risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mwanzoni kabisa, kwa sababu magari mengi ya namna hii hayatoi na dai la usafirishaji halitaenda kokote bila risiti.

Sasa huo mzigo wa ziada. Bodi ya Fuso tuliyopata ilikuwa na urefu wa mita 6.2 na upana wa mita 2.3. Vyombo vya nyumba ni vingi kwa macho lakini ni vyepesi. Nyumba ya vyumba vitatu inajaza bodi yote na uzito wake haufiki tani 4. Dereva anajua hivyo, na kwake tani 6 zinazobaki ni pesa. Sisi tulipomaliza kupanga tuliambiwa, "Dada, tunapitia mahali mara moja, ni magunia machache tu." Yakawa magunia 40 ya chumvi ya mawe, kilo 50 kila moja, yakapangwa nyuma kwenye nafasi tuliyokuwa tumeiacha kwa ajili ya magodoro. Magodoro yakapanda juu, chini ya turubai.

Chumvi na vyombo vya nyumbani havikai pamoja. Chumvi ya mawe ya pwani inanyonya unyevu wa hewa na kutoa maji, nayo hupita kwenye matundu ya salfeti na kutambaa sakafuni mwa bodi. Kufika Uyole, miguu miwili ya nyuma ya friji ilikuwa na unga mweupe. Ukiufuta kwa kidole, chini yake rangi inabanduka na chuma kimeshaanza kuwa cha kahawia. Kochi lililogusana na magunia lilinyonya maji hayo kwenye kitambaa cha chini, na mpaka leo kitambaa hicho hakikauki vizuri siku za mvua, maana chumvi iliyobaki ndani inaendelea kuvuta unyevu. Ikikutokea, osha kwa maji baridi mengi mara tatu au nne kabla ya kuanika. Sabuni peke yake haitoi chumvi. Kwenye chuma, osha, kausha, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwenye makubaliano andikeni mzigo upi wa ziada unakubalika na upi haukubaliki. Mimi ningekataa chumvi, saruji, mbolea, dagaa, na dumu lolote la mafuta. Nondo na mabati yanaweza kulala sakafuni, vyombo vikakaa juu ya mbao, yakakusaidia hata kutuliza gari. Kama hutaki chochote, lipa kidogo zaidi na iandikwe kwamba bodi yote ni yako.

Mzigo huo unakugusa hata mizani. Gari lolote lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500 lazima lipite mizani, na njia hii ina mizani kadhaa: Vigwaza, Wenda, Makambako na nyinginezo. Fuso ya ekseli mbili inaruhusiwa tani 8 mbele na tani 10 kwa ekseli ya nyuma yenye tairi nne. Kinachosahaulika ni kwamba kila ekseli inapimwa peke yake. Jumla inaweza kuwa sawa kabisa huku magunia yaliyorundikwa mkiani yamezidisha ekseli ya nyuma. Hapo mtashusha na kupanga upya kando ya barabara, vyombo vyako vikiwa vya kwanza kutolewa juani au kwenye mvua.

Upangaji wenyewe nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu utingo amezoea viazi, na kiazi hakivunjiki.

Vizito viende mbele, ukutani nyuma ya kichwa cha gari: friji, mashine ya kufulia, kabati lililofunguliwa vipande. Friji isimame wima na ifungwe kwa kamba mahali pawili, chini na juu, huku blanketi likiwa kati ya kamba na mlango wake. Izimwe na iachwe wazi siku moja kabla, barafu yote iishe, maana maji ya barafu ndiyo yanayolowesha maboksi ya jirani. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha mapema unaweza kuiua. Iliyosafiri imelala isimamishwe siku nzima kabla ya kuchomekwa. Televisheni isimame pia, kioo kikitazama godoro, isilazwe kamwe. Simtanki usilipakie tupu: ndani yake zinaenda mito, nguo na mapazia ya nyumba nzima.

Vitanda vya sita kwa sita vifunguliwe. Spana namba 13 na bisibisi vilitosha kwa vyetu. Nati na boliti za kila kitanda ziingie kwenye chupa yake ya maji, chupa ifungwe kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho. Ukichanganya za vitanda vitatu kwenye kopo moja, usiku wa kwanza mtalala chini.

Vyombo vya udongo na vioo vifungwe gazeti kimoja kimoja, sahani zisimame kwa ubavu kama vitabu, na boksi likitikiswa lisitoe sauti. Hapa nasisitiza, kwa sababu watu huogopa mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, wakasahau matuta. Kila kijiji barabarani kina matuta, na gari likiwa na mzigo mwepesi springi zake hurusha. Ni mitikisiko mamia kwa siku moja na nusu. Boksi lenye nafasi ndani hujipasua lenyewe. Vioo vyetu vyote vilivyovunjika vilikuwa kwenye begi la shangazi kaja ambalo halikujaa.

Kitonga ina shida yake tofauti. Ukitoka Dar unaipanda, gari likiwa gia ya chini kabisa kwa muda mrefu, na mzigo wote unaegemea mlango wa nyuma. Kitu cha mwisho mlangoni ndicho kinachobeba uzito wa vingine. Kiwe godoro lililosimamishwa, na kabla yake meza au mbao za kitanda zilizofungwa kwa kamba kutoka ubavu hadi ubavu. Isiwe TV, na kwa vyovyote asiwe mtu. Naomba sana hili lisikike: kijana wa kulinda mzigo asipandishwe juu ya vyombo. Gari la mizigo halina kibali cha kubeba watu nyuma, na makabati yakisogea kwenye mlima hakuna pa kukimbilia. Kichwani kuna nafasi ya mtu mmoja kando ya dereva na utingo. Mtu mzima mmoja wa familia akae hapo, wengine wapande basi.

Mtungi wa gesi ufungwe koki, regyuleta itolewe, usimame wima karibu na mlango, na dereva aambiwe upo wapi. Pikipiki imwagwe petroli, betri ichomolewe, na nakala ya kadi yake akae nayo mtu wa kichwani. Mkaa usipakie. Unataka kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, na gunia moja lisilo nacho linalisimamisha gari zima kwenye geti la maliasili.

Turubai lina kipimo rahisi. Ingia ndani ya bodi mchana, wakufunike, tazama juu. Penye nukta ya nuru ndipo maji yatakapopita. La kwetu lilikuwa na nukta tisa. Tulidai la pili na tukalipata, na mvua tuliyokutana nayo kati ya Mafinga na Makambako haikuingia. Hapo naipa huduma hii sifa yake: dereva hakubisha, alifunga yote mawili kwa kupishanisha, la juu likielekea nyuma ili upepo usilifunue. Kati ya Novemba na Aprili usikubali turubai moja, hata liwe jipya. Magodoro yafungwe nailoni ila upande mmoja uachwe wazi kidogo, kwani joto la Dar likifungiwa ndani na kukutana na baridi ya juu linageuka maji.

Barua ya serikali ya mtaa msiondoke bila hiyo. Mwenyekiti anaandika kwamba familia fulani inahama na vyombo vyake, inagongwa mhuri, na askari akisimamisha gari linaonekana si la wizi. Kifaa kipya kilicho kwenye boksi lake kibebewe risiti.

Muda mzuri wa kuondoka ni alfajiri. Mnapita hifadhi ya Mikumi mchana, wanyama wanaonekana na faini ya kumgonga mnyama inaepukika, Kitonga mnaipanda kabla ya giza, mnalala Ilula au Iringa, na mchana wa pili mko Mbeya. Madereva hupenda jioni kukwepa foleni ya Dar, lakini gari likiharibika Kitonga usiku foleni hujifunga pande zote hadi kuche. Familia ikipanda basi la saa 12 asubuhi siku ya pili inafika usiku na kukuta vitanda vimeshafungwa.

Kwenye basi mbebe blanketi, sweta za watoto, sufuria moja na sahani chache. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa Mbagala atatamani kuingiza jiko la mkaa chumbani. Msifanye hivyo hata kwa dakika chache; moshi wake usioonekana unaua waliolala.

Kushusha kuna gharama ambayo haimo kwenye bei ya gari. Mitaa mingi ya Uyole na Itezi ni ya vumbi na miteremko, na mvua ikinyesha Fuso haiingii. Tulisimama barabara kuu, toyo mbili (pikipiki za mizigo za magurudumu matatu) zikafanya safari sita, na vibarua wanne. Patana nao kwa mzigo wote, si kwa safari, na friji ipande toyo peke yake.

Malipo tuliyagawa mara tatu: ya dizeli wakati wa kuondoka, kiasi kidogo Iringa, na iliyobaki mwisho. Kila kipande kilikuwa na namba ya maka peni na orodha ilikuwa nakala mbili, moja kwa utingo na saini yake. Vipande 71. Dereva alitaka amaliziwe barabara kuu kabla toyo hazijarudi. Tulimwambia asubiri, akasubiri kwenye kivuli cha gari lake, na pesa ilitumwa kwa simu namba 71 ilipopita mlangoni.