Juliasi Kaizari jukwaani: chungeni neno "heshima"

Mwalimu Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Toleo alilolipitia upya, Juliasi Kaizari, likatoka 1969. Hapa tunaipima tamthilia yenyewe kwa macho ya kikundi kinachotaka kuicheza. Mistari tunayoitaja tumeigeuza wenyewe kutoka Kiingereza, si ya Mwalimu.

Caesar, mtawala wa Roma, hana maneno mengi kwa mtu aliyebeba jina la mchezo: anauawa sehemu ya tatu, onyesho la kwanza. Lakini hujitaja kwa jina, kana kwamba anasimulia habari za sanamu yake: "Caesar atatoka." Muda mfupi kabla ya kuchomwa visu anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyohama. Mstari huo ukisemwa kwa hasira umekwisha. Usemwe kwa utulivu, maana mwenyewe anauamini.

Utamu wote uko mazishini. Brutus, mmoja wa wauaji wa Caesar, anahutubia kwa nathari iliyopimwa kama hoja ya wakili: si kwamba alimpenda Caesar kidogo, ila aliipenda Roma zaidi. Raia mmoja anapaza sauti, "Awe Caesar!" Kilio kimoja, na mnajua hawakumwelewa hata chembe. Kisha Brutus anaondoka na kumwachia uwanja Antony, rafiki wa Caesar.

Antony anakuja kwa ushairi. Brutus ni mtu wa heshima, anasema, na mara ya kwanza ni sifa tupu. Halafu anaurudia mstari kila baada ya ushahidi: urafiki wao, mateka waliojaza hazina na machozi kwa maskini, taji lililokataliwa mara 3. Mara ya 4 anachomeka "bila shaka". Baadaye wanakuwa "watu wa heshima ambao majambia yao yamemchoma Caesar", na raia wanamalizia wenyewe: wasaliti!

Hapa wengi huanguka. Wakiandika "mheshimiwa", ambalo masikio yetu yanalijua kama cheo cha bungeni, ukumbi unacheka mara ya kwanza tu na kejeli inaliwa ingali mbichi. "Mtu wa heshima" huchacha taratibu. Na mchezaji asibinue midomo mapema. Mara 2 za mwanzo ziwe kavu kabisa.

Sehemu ya nne ina kasoro iliyomo tangu chapa ya kwanza, ya 1623. Brutus anamwambia Cassius, mwenzake katika njama, kwamba Portia, mke wake Brutus, amekufa. Punde ofisa Messala analeta habari ileile, na Brutus anaipokea kama mgeni wayo. Mkibakiza zote mbili, Brutus anaonekana anaigiza ushujaa mbele ya maofisa wake. Mkifuta ya Cassius, anabaki jiwe. Sisi tungefuta ya Messala.

Vita vya sehemu ya tano vinachosha, vipunguzeni bila huruma. Msiguse maneno ya Antony juu ya maiti ya Brutus, kwamba huyu alikuwa Mrumi muungwana kuliko wote. Ayaseme kwa sauti ileile aliyosemea "mtu wa heshima" mara ya kwanza.