Albamu zangu za 2024, na ile ya "kujazia tu, dada"

Naanza na albamu iliyonikera, maana nikitanguliza nzuri hasira itapoa, na mimi sitaki ipoe.

Kwanza mjue nasikilizaje. Mimi ni fundi cherehani, Mwanjelwa hapa Mbeya. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, spika iko rafu ya juu kabisa nyuma ya vitenge ili wateja wasiichezee. Mikono ikishaingia kwenye kitambaa hairudi kwenye simu. Ukishashika marinda ya sketi ya shule huwezi kuyaachia eti wimbo wa tatu umekuchosha unataka wa nne. Utausikia wote, na unaofuata, na unaofuata huo, mpaka albamu iishe. Ndiyo maana wanaokuja kubishana na mimi hapa kuhusu albamu huwa nawauliza swali moja tu: haya, wimbo wa kumi unaitwaje? Kimya. Wamesikiliza mbili za mwanzo na ile yenye video.

Sasa hiyo albamu. Jina la msanii silitaji. Ana mashabiki wakali, na baadhi yao ni wateja wangu ninaowadai. Nikimtaja watapata kisingizio. Ilitoka katikati ya mwaka, baridi yetu imekolea, wiki zile ambazo unashona umevaa koti na vidole haviisikii sindano. Nikanunua bando kwa ajili yake, nikaipakua yote.

Nyimbo 14. Tano kati ya hizo tulishakuwa nazo siku nyingi, bajaji zote za Kabwe zimezipiga mpaka zimechuja. Ya kwanza wala si wimbo, ni mwanaume anaongea Kiingereza kwa sauti nzito huku radi inapiga. Radi! Sisi Mbeya radi tunapewa bure kila msimu wa mvua. Halafu wageni. Kuna mmoja kutoka Nigeria, inaonekana alitumiwa mdundo tu kwa simu, akarudisha mistari yake bila kuuliza wimbo unahusu nini: mwenyeji analia kaachwa, mgeni anahesabu magari. Nyingine hazifiki dakika mbili na nusu. Ndiyo kwanza unaanza kuupenda, umekwisha.

Nikawa nakanyaga pedeli kwa hasira kabisa. Ndipo ukaingia wa 11.

Gitaa moja na mdomo, basi. Hakuna ngoma, hakuna mgeni. Unasikia mtu anavuta pumzi, na mahali fulani kiti kinalia, nadhani aliyekalia alijisogeza na hakuna aliyehangaika kukifuta kile kilio. Kisa chake: jamaa aliazima masufuria kwa majirani kwa ajili ya harusi, harusi imevunjika, sasa anayarudisha nyumba kwa nyumba. Kila mlango anaulizwa yaleyale, kulikoni. Kwa mama wa kwanza anadanganya bibi harusi anaumwa. Kwa wa pili anasema tarehe imesogezwa. Kwa wa tatu hasemi kitu, anaweka sufuria chini anaondoka. Mwisho anabaki na mfuniko mmoja mkononi, mtaa mzima hakuna anayesema ni wake. Hapohapo wimbo unaisha. Hakurudia kiitikio, hakupiga kelele, hakumtaja Mungu.

Uzi wangu ulikuwa umekatika zamani, nakanyaga cherehani tupu wala sina habari. Yeyote aliyewahi kuazima vyombo mtaani anajua ule mfuniko. Kwangu ninao mmoja mpaka leo, sijui wa nani.

Basi nikasamehe yote. Radi nikaisamehe, hata yule mhesabu magari. Nikawaambia mafundi wenzangu wa kibaraza kizima: hii albamu ina maradhi, lakini namba 11 peke yake inailipia.

Baadaye, karibu na Nane Nane, gari la matangazo likapita: anakuja Mbeya kuitambulisha albamu. Kiingilio 10,000, wenye hela zao viti vya mbele 30,000. Nilifunga mapema, nikavaa shali, nikaenda na shemeji yangu. Sina haja ya kuwasimulia tulivyosubiri. Mnajua. Mshereheshaji kila baada ya muda "yuko njiani, yuko njiani", saa sita ikapita, saa saba ikapita, baridi inatoka chini ya ardhi inapanda miguuni. Akaja. Miwani ya jua usiku ule. CD ikawa inaimba na yeye anarukaruka. Maiki iko kiunoni, sauti yake inaendelea kutoka vilevile. Hata hilo nilivumilia, nikasema anatunza sauti, wa 11 hauimbiki kwa CD, huo lazima ataukalia kwenye kiti na gitaa.

Hakuuimba. Alipiga zile tano za zamani, moja akairudia, akatupa taulo kwa watu wa viti vya 30,000, akashuka.

Hapo bado sijakasirika vizuri. Kilichonimaliza kilikuwa huko nje kwenye magari. Alisimama kijana mmoja wa msafara wake, kitambulisho shingoni, simu mkononi. Nikamwendea kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani.

"Samahani kaka. Mbona ule wa masufuria hajauimba?"

Hakuinua macho. "Upi huo?"

Nikamwimbia. Niko nje, saa nane za usiku, shemeji ananivuta shali kwa aibu, na mimi namwimbia mtu wa msafara wimbo wa bosi wake mwenyewe. Nikafika mlango wa pili, akanikata.

"Aaa, ule. Ule ni wa kujazia tu, dada. Albamu ilikuwa inapungua." Halafu: "Sogea, gari inatoka."

Wa kujazia tu, dada.

Angenitukana ningesahau. Kejeli za watu wa misafara tumezizoea. Lakini huyu hakuwa hata na nia mbaya, alikuwa ananipa taarifa. Yaani pale studio waliketi, wakahesabu, wakaona zimepungua, mtu akasema haya, chukua gitaa, weka chochote tumalize. Na "chochote" ndicho kitu pekee ndani ya albamu nzima kilichotoka kwa mtu aliyewahi kubeba sufuria. Sisi mafundi tunajua habari hizi: mteja anasifia kitambaa cha nje, lakini koti linakaa begani kwa sababu ya bitana, na bitana hakuna anayeiulizia bei. Tofauti ni kwamba fundi mwenyewe haidharau bitana yake. Akiidharau, koti linajikunja.

Watu wananiambia dada ndivyo biashara ilivyo. Najua ilivyo. Spotify, ile programu ya kusikilizia muziki mtandaoni iliyoingia Tanzania Februari 2021, inahesabu wimbo umesikilizwa ukishavuka sekunde 30, na hesabu hizo ndizo pesa. Ndiyo sababu kiitikio kimesogezwa mlangoni na nyimbo zimekatwa mikia: ya dakika mbili na ya dakika tano zinahesabiwa sawa. Na nyimbo 14 zinaokota hesabu nyingi kuliko nane. Kwa hiyo wanajazia. Sawa. Ila kama umeamua kujazia, na kwa bahati ukajazia kwa dhahabu, si uiokote?

Na msinianzishie habari za kanda za kaseti, kwamba zamani albamu zilikuwa albamu. Kanda nazo zilijaziwa, tusidanganyane. Upande B ulikuwa lazima ujae, na tulikuwa tunajua kabisa nyimbo zipi ziliandikwa ndani ya basi. Ila kanda ilikulazimisha. Mr. II, yule rapa Sugu ambaye mwaka 2010 tulimpeleka bungeni kutoka hapahapa Mbeya Mjini, kanda zake kaka yangu alizipiga nzima nzima kwa sababu kurusha wimbo mmoja ni kumaliza betri. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya 2001, kila mtu anakumbuka Ndiyo Mzee, lakini muulize aliyekuwa na kanda yenyewe atakuimbia na nyingine. Msanii alijua utafika huko ndani, kwa hiyo huko ndani hakuacha takataka. Au aliacha kidogo.

Haya. Nzuri sasa, kabla sijapandwa tena.

The Godson ya Marioo. Ilitoka mwishoni mwa Novemba, wakati mbaya kuliko yote kwa fundi, maana ndio msimu wa sare za shule. Watoto wanafungua Januari na wazazi wote wa Mwanjelwa na Soweto ya hapa Mbeya wanakumbuka siku moja. Nimeishona pamoja na zile sare. Nasema nimeishona kwa sababu amapiano, ule muziki wa kucheza wa Afrika Kusini ambao Marioo anaupenda kupita kiasi, unakwenda mapigo kama 110 hadi 115 kwa dakika, na huo ni mwendo ambao mguu wangu unaupenda kwenye pedeli: si wa kukimbia ukapindisha mshono, si wa kulala. Upindo mrefu unatoka umenyooka. Naomba wapimaji wa muziki walitie hilo kwenye vigezo vyao.

Lakini si mguu tu. Marioo kabla hajawa jina alikuwa anawaandikia wengine, na inasikika. Mtu aliyewahi kuandika kwa ajili ya mdomo wa mwenzake anajua neno lipi litamkwama mwimbaji. Tangu Dar Kugumu ya 2018 mimi namsikiliza kwa maneno kwanza. Kwenye hii albamu, Nairobi aliyoimba na Bien, yule tuliyemjulia Sauti Sol, kundi la Kenya, ndiyo darasa la namna ya kumkaribisha mgeni: wawili wanazungumza kitu kimoja, mmoja hamfunikii mwenzake. Mgeni hahesabu magari. Ni ndefu, hilo nalisema, zingepunguzwa tatu nisingeona pengo, na kuna mahali katikati midundo inafanana mpaka nilidhani simu imerudisha nyuma. Hata hivyo hakuna mahali niliposikia mtu amejazia. Ameziamini zote, hata zile ambazo mimi siziamini.

The Big One ya Rayvanny msiniulize, yule ni mtoto wa Mbeya na mimi si hakimu wa haki kwake. Naipenda. Ningeipenda hata angekohoa. Peace and Money ya Zuchu ilitoka Desemba nikiwa nimezama kwenye kola na vifungo, nimeisikia kwa jirani wa saluni kupitia ukuta. Kupitia ukuta ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo namba moja ni The Godson, na ile ya bwana miwani ni ya mwisho. Nilishaandika hivyo kwenye kile kidaftari changu cha vipimo, ukurasa wa nyuma.

Tatizo ni lile jambo la juzijuzi. Alikuja mama mmoja kutoka Tukuyu kupima gauni la harusi ya mwanawe, mama mtu mzima, kitambaa kimejaa pini amesimama mikono juu. Wa 11 ukaingia. Ndiyo, bado ninao. Nyingine zote nimezifuta, huo nimeubakiza. Yule mama alikuwa ananisimulia bei ya mchele, akanyamaza. Kwa mama wa pili, pale jamaa anaposema tarehe imesogezwa, akatoa "mwe!" ya Kinyakyusa halisi. Kwenye mfuniko alicheka mpaka pini ikamchoma ubavuni, halafu akawa hacheki tena.

"Mwanangu, urudishe huo."

Nikaurudisha. Akausikiliza tena, mikono bado juu, nikamwambia mama shusha basi, akasema niache. Kisha akauliza nani anaimba.

Nikamwambia simjui.

Sasa nifanyeje? The Godson nimeisikiliza msimu mzima, imenishonea sare sijui ngapi, na hakuna mteja aliyesimama na pini mwilini akaniambia niirudishe. Mwambieni Marioo asinune, namba moja ni yake, albamu nzima kwa nzima hakuna wa kumfikia. Lakini mtu akiniuliza wimbo wa mwaka nitamjibu, na itaniuma kumjibu, maana itabidi nimpe sifa mtu aliyenirusha saa nane za usiku, na yule wa kitambulisho shingoni atasema si nilikwambia, hata wa kujazia unawatosha. Hapana. Sifa nampa kile kiti kilicholia. Mwenyewe abaki na nyota zake mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo nimempa kwa shingo upande.

Nasikia anazunguka tena mikoani. Akija Mbeya, 10,000 yangu haipati. Labda tangazo liseme waziwazi kwamba ule wa masufuria ataimba, kwa mdomo wake, amekaa. Hapo nitakwenda, na huyo shemeji asiyependa aibu atabaki nyumbani.