Kempavani mpaka Orta San Giulio, uzoefu wangu

Jamani kama una mzazi au shangazi anayependa mambo ya kanisa, mkodishie kempavani (gari lenye vitanda na jiko ndani) umpeleke Orta San Giulio, mji mdogo kaskazini mwa Italia. Mimi nilimpeleka shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, na hiyo gari imelipa kila senti.

Tuliichukulia Milano. Leseni ya daraja B inatosha maana haizidi tani 3.5, vitanda vizuri, jiko linawaka bila shida, ila friji ilikuwa inakata usiku na kampuni tuliyokodi walipopigiwa simu wakawa wanatuzungusha tu, hapo wamenikera sana. Kagua friji na mtungi wa gesi kabla hujasaini.

Katikati ya mji hupiti na gari, vichochoro ni vyembamba mno, kwahiyo unapaki kule juu kwenye maegesho ya kulipia, na kumbe ndo pazuri maana ukilala hukohuko unaamka uko karibu na Sacro Monte, yaani "mlima mtakatifu", watalii wa mabasi hata hawajafika.

Sasa hapo ndo penyewe. Ni kilima chenye msitu na vikanisa 20 vinavyosimulia maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ujenzi ulianza mwaka 1590 hivi ukaendelea zaidi ya miaka mia, na tangu 2003 UNESCO wameviweka kwenye urithi wa dunia pamoja na vilima vingine vya aina hiyo. Kuingia bure. Huingii ndani ya vikanisa, unachungulia kwenye matundu ya kizuizi cha mbele, na ndani unakuta sanamu za udongo wa kuchoma zenye ukubwa wa mtu kabisa, zimepakwa rangi, ukuta wa nyuma umechorwa watu wengine mpaka hujui sanamu zinaishia wapi na mchoro unaanzia wapi. Cha kwanza Fransisko anazaliwa zizini kama Yesu. Cha 13 anapitishwa mitaani Asizi bila nguo kwa unyenyekevu, umati umejaa, kila mtu na sura yake, shangazi aliganda pale akaanza rozari na mimi nikakaa kimya pembeni. Fuata namba, usirukeruke, hadithi inapotea.

Mchana tulishuka Piazza Motta, uwanja wa mji ulio kando ya ziwa, tukapanda boti kwenda kisiwa cha San Giulio, dakika chache tu. Kuna basilika na monasteri ya masista Wabenediktini, na njia inayozunguka kisiwa ina vibao vya kuhimiza ukimya, kwahiyo kama una watoto waelezeni mapema. Vyakula pale uwanjani bei imechangamka, sisi tulirudi kupika ugali kwenye gari.

Shangazi kashasikia habari za Varallo, Sacro Monte ya zamani zaidi yenye vikanisa zaidi ya 40, haiko mbali na hapo. Mungu akijalia mwakani tunakodi tena, kwa kampuni nyingine.