Bedford MK baada ya masika sita: kwenye tope linapita, mlima unalishinda

Tangu mvua zianze nimeshapigiwa simu na watu wanne wanaotaka lori la zamani la jeshi. Wawili ni vijana wa utalii hapa hapa Arusha, mmoja anachimba moramu, wa nne ni mfugaji wa Longido anayetaka kuwapelekea ng'ombe maji. Wote wameliona langu limeegeshwa Njiro, limesimama juu kama ghorofa, tairi zinanipita kiuno, wakajiambia hili halikwami popote. Nimechoka kueleza kwenye simu. Someni kwanza, ndipo mpige.

Mimi ni mama wa kambi. Nilianza kama mpishi, sasa nabeba mahema, magodoro, majiko, vyakula na maji kuwatangulia wageni wanakolala: Engaruka, Ziwa Natron, Loliondo, mara chache Ngorongoro. Lori ni Bedford MK, lilitumikia jeshi la Uingereza, baadaye likabeba wazungu wa safari zile ndefu zinazoshuka Afrika kwa miezi, na wenyewe walipolichoka nikalinunua mimi. Wenye umri wangu mnalikumbuka Bedford TK. Basi MK ni ndugu yake aliyekwenda jeshini: kabini ni ileile, ila limeinuliwa juu na ekseli ya mbele nayo inavuta. Yalikuwa yakitengenezwa Dunstable, Uingereza, chini ya General Motors, na kiwanda kile cha malori kiliuzwa mwaka 1987. Kwa hiyo usitegemee kuingia dukani ukauziwa spea mpya ndani ya boksi. Fundi wangu wa Unga Limited anachomoa kwenye TK zilizokufa, na mpaka leo hajanikwamisha.

Nianze na sifa, maana zipo.

Masika ya mwaka wangu wa pili nalo tulitoka Mto wa Mbu alfajiri kwenda Natron. Kabla ya Engaruka kuna mahali udongo ni mweusi, ule ukilowa unanata mpaka kiatu kinabaki chini mguu unatoka peke yake. Tulikuta Landcruiser tatu na Fuso moja ya mahindi zimelala humo. Ya Fuso ndiyo ilinifundisha. Fuso ina tairi mbili mbili nyuma, na ya mbele moja moja. Maana yake tairi za mbele zinachimba mfereji wao, za nyuma zinakuta mfereji ni mwembamba, zinalazimika kuchimba mwingine, na tope linajisindilia katikati ya zile tairi mbili mpaka zinakuwa kama gogo. Bedford ina tairi moja moja pande zote, mbele na nyuma, pana zinalingana, na za nyuma zinakanyaga palepale zilipokanyaga za mbele. Kazi ya kufungua njia inafanywa mara moja tu. Dereva wangu, mzee wa Machame ambaye sote tunamwita Babu, aliingiza gia ndogo kwenye transfa (ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma), akaweka ya pili, akaondoka bila kubadilisha gia wala kuongeza mafuta kwa pupa. Lilipita likikoroma. Tulirudi na kamba tukawatoa wale watatu. Wa Fuso alikataa kuvutwa mpaka apige simu kwa tajiri wake, tukamwacha anatafuta mtandao juu ya kichuguu.

Mchanga wa karibu na Ol Doinyo Lengai nao haulisumbui, mradi utingo apunguze upepo wa tairi na asione uvivu wa kujaza tena tukifika kwenye mawe. Vumbi la kule ndilo baya, jepesi kama unga wa ngano. Filta ya hewa naisafisha kila jioni. Siku moja tulisahau, na kufikia saa nne asubuhi lori lilikuwa linatoa moshi mweusi na haliwezi hata kupanda kingo ya mto.

Makorongo ni habari nyingine. Watu wanafikiri tairi nne zikivuta basi zote nne zinavuta. Hapana. Langu halina loki, yaani kifaa cha kulazimisha tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja, kwenye difu yoyote. Ukiingia korongo kimshazari, tairi ya mbele kushoto ikaning'inia na ya nyuma kulia ikaning'inia, nguvu yote inakwenda kwenye hizo mbili zilizo hewani, zinazunguka kama feni, na wewe umekaa. Kijana mwenye Landcruiser yenye loki atakupita hapo huku anakupungia. Dawa ni kuingia korongo wima, ekseli zote mbili zishuke sawa, na ikishindikana ni mawe na jeki. Utingo wangu ameandika nyuma ya bodi USINIPIGIE HONI, lakini chini ya bodi anatembea na mbao mbili za mninga, na hizo ndizo zimetuokoa zaidi kuliko maandishi.

Sasa injini. Hapa ndipo simu zenu zinaponichosha, kwa sababu kila mtu anaangalia ukubwa wa gari anadhani ndani kuna tembo.

Ni dizeli ya silinda 6, lita 5.4, haina tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa), na inatoa nguvu ya farasi 106 hivi. Landcruiser ya kawaida yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, inatoa karibu 130. Ndiyo, umesoma sawasawa: kile kigari cha wageni kina farasi wengi kuliko lori langu. Na lori likijaa mzigo wake halali, tani 4, uzito wote unapita tani 9. Gawanya mwenyewe. Kila tani inavutwa na farasi kumi na mmoja. Kinacholipitisha kwenye tope ni tairi, urefu wa tumbo kutoka chini, na ile gia ndogo inayozidisha msukumo huku ikila mwendo. Tope linataka msukumo wa polepole, na huo lori linao tele. Mlima mrefu unataka nguvu isiyokatika, dakika ishirini, nusu saa, na hiyo haipo.

Kuna jambo jingine ambalo hata madereva wazoefu wanalisahau. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na huku kwetu juu hewa ni nyembamba. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Arusha tupo mita 1,400, kwa hiyo wale farasi 106 wa Uingereza hata Njiro hawajafika wote. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni mita 2,300 hivi, na huko nina hakika nimebakiwa na themanini na kitu. Kule chini Natron lori linachangamka kama limepewa uji. Ndugu yake wa baadaye, MJ, lilitoka na tabo, na kama unapata kuchagua chagua hilo, hasa kwa kazi za Karatu na Loliondo.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye kile kipando cha kutoka Engare Sero kwenda Sale, pale barabara inapojikunja kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Nilipakia tani 2 za maji kwenye tenki, mahema na jiko kama tani 2 nyingine, mkaa, magunia ya viazi, na watu kumi na wanne na mabegi yao juu. Babu alizunguka lori akatazama springi, akaniambia, "Mama, hapa tumezidisha." Nikamjibu kwamba wageni hawaogi kwa maneno. Tulianza kupanda saa saba mchana, jua la utosi, upepo unatoka nyuma kwa hiyo radieta haipati kitu. Gia ndogo, ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Kona ya tatu mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Babu akasema tumwage maji. Nikasema kona moja tu, tukifika juu tutapumzika. Hatukufika juu. Mvuke mweupe ukatoka, sauti ikabadilika, injini ikakata. Tulipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia humo. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha.

Maji tukayamwaga vilevile, palepale, lita 2,000 zikashuka na barabara. Wageni walilala kwenye kambi ya watu. Fundi alifika kesho yake kwa Noah mpaka Mto wa Mbu na bodaboda iliyobaki, mbavu zinamuuma, na nililipa kila shilingi bila kunung'unika mbele yake. Kwa uzuri wa ubunifu wa kabini ile, injini ipo nyuma ya kiti na unaifikia kwa vifuniko vya bati vya ubavuni, mtu amesimama juu ya tairi anafungua kila kitu bila kunyanyua kabini. Siku mbili tukaondoka. Gari la kisasa lingerudi Arusha juu ya gari jingine.

Toka hapo tani 3 ndiyo mwisho wangu nikienda Loliondo, na maji nayanunua hukohuko. Milima tunaipanda alfajiri. Kushuka, Babu anatumia gia ileile ambayo angepandia.

Kuhusu mafuta: kwenye lami naona kilomita 3 mpaka 4 kwa lita, porini na mzigo ni 2 na kitu. Lile jina la "injini inayokula mafuta yoyote" lisikudanganye. Jeshi liliitaka hivyo kwa ajili ya vita. Mimi nikiwekewa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nasikia nozeli zinagonga ndani ya saa moja, na pampu ndiyo itakayolia baadaye. Kwenye vitabu mwisho wa mwendo ni kilomita 77 kwa saa; langu likipita 65 kabini inatetemeka na mazungumzo yanageuka ishara za mikono. Kisongo mpaka Makuyuni Coaster zote zitakupita. Zoea.

Wanaoniuliza kuhusu ZIL-131, lori la jeshi la Kirusi: ina magurudumu sita yote yanavuta, na dereva anajaza na kupunguza upepo wa tairi akiwa anaendesha, raha tupu kwenye mchanga. Lakini injini ni V8, silinda nane za petroli, lita 6. Piga hesabu ya petroli mpaka Loliondo na kurudi, halafu ukanunue punda. M35, lori la jeshi la Marekani, nalo usukani upo kushoto, na sitaki kupita lori la mkaa kwenye kona za Rhotia nikimuuliza utingo kama njia ni nyeupe.

Napa tope nyota tano, mlima nyota mbili, na fundi wangu nyota zozote zilizobaki.

Fundi huyo sasa ananibembeleza niweke Cummins 6BT, lita 5.9, ile iliyokuwa kwenye Leyland DAF zilizokuja kuchukua nafasi ya Bedford jeshini. Mtu wa Sakina kafanya hivyo na lake lilipanda Rhotia likiimba. Mwezi wa pili akakata shafti ya difu ya nyuma kwenye korongo, akanunua nyingine, akaikata nayo, sasa gia boksi inalia. Nimemwambia fundi aniletee kwanza gia boksi na difu za kubeba hiyo Cummins, aziweke hapa uwanjani nizione kwa macho, ndipo tuongee habari ya injini. Ijumaa ilikuwa mara ya tatu anakuja mikono mitupu, akanywa chai, akaenda zake.