Friza ya mtumba, Busia: uzoefu wangu

Kwa wanaoniuliza kama friza ya kufunguka kwa juu inalipa kwa matumizi ya nyumbani: inalipa, hasa kwetu Busia ya Uganda, tunaonunua kwa wingi samaki wa Majanji, huko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na umeme unaondoka bila kuaga. Yangu ni ya mtumba, lita 200 hivi.

Kabla ya kutoa pesa nilibana noti ya elfu moja kwenye mfuniko, kisha nikaivuta, pembe baada ya pembe. Pembe tatu ziling'ang'ania. Ya nne ikaachia noti bila ubishi. "Mama, hiyo ni kitu kidogo," kijana wa duka akaniambia. Kidogo kwake, mimi ndiye ninayenunua yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Mpira wa mfuniko ukichoka, joto linaingia usiku kucha na mashine hainyamazi. Akaweka mpira mwingine, bei ikabaki palepale.

Umeme ukikatika ndipo utaipenda. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo ukiinua mfuniko nyingi inabaki chini. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, kama 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Ndiyo maana nafasi tupu nazijaza chupa za maji, bila kuzijaza hadi shingoni kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Ndani nimeweka pia kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu ya mia tano juu yake. Nikirudi safari nikaikuta sarafu imezama, najua kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya nisipokuwepo, na nyama hiyo siili.

Samaki nawatoa matumbo, nawaosha, nawapanga bapa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, kisha naandika tarehe. Mfuko mwembamba huganda upesi na huyeyuka upesi. Sangara ana mafuta, simpitishi miezi 3. Kuyeyusha ni ndani ya friji, rafu ya chini kabisa, kwenye bakuli, maji yake yasidondokee mboga. Kuganda hakuui vijidudu vyote. Vingi vinalala tu, vikisubiri joto.

Lakini kitu kilichonifaa kuliko friza yenyewe ni kipimajoto cha bei ndogo nilichonunua pamoja nayo. Nilikilaza usiku kucha ndani ya glasi ya maji kwenye friji yetu ya zamani: nyuzi 9! Inatakiwa 4 au chini yake, na friza iwe 18 chini ya sifuri. Namba za kwenye kitufe si nyuzi joto. Kwenye friji nyingi, namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Nikaongeza namba, friji nikaisogeza mbali na ukuta ipumue, na maziwa nikayatoa mlangoni, maana huko ndiko kwenye joto zaidi.

Mama mkwe bado angependa kulalisha sufuria ya maharage jikoni. "Mwanangu, asubuhi si nitayachemsha?" Namjibu kwa adabu kwamba kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauzivunji, hata kwenye wali. Siku hizi nayagawa kwenye vyombo vipana, yanapoa upesi, na kabla ya muda wa saa mbili kwisha yako ndani ya friji. Naye anayala, ingawa hajakubali.

Kasoro za friza? Haina taa, kilichozama chini kinasahaulika, na barafu ya kuta unaiondoa mwenyewe. Kama mko wawili na hamnunui kwa wingi, anzeni na friji ndogo na kipimajoto. Na ya mtumba, angalia kama kizibo cha tundu la kumwagia maji kipo. Yangu haikuwa nacho. Nimeziba kwa kipande cha kandambili, na hakivuji.