Uzoefu wangu wa kununua kliki za barua pepe nikiwa Nairobi: hesabu kwanza, muuzaji baadaye

Huduma hii naipa nyota tatu kati ya tano, na hata hizo tatu ni za mtu mwenye bidhaa ya kidijitali inayouzwa kwa dola. Kama unauza viatu vya kupelekwa Umoja au keki za kupelekwa Kilimani, weka pesa yako kwingine. Wauzaji wengi wa kliki hizi wana orodha za anwani za barua pepe za watu wa Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Mkenya humo utamtafuta kwa tochi.

Utaratibu ni huu: mwenye orodha anawatumia watu wake barua pepe yenye linki yako, nawe unalipia kila anayebonyeza, anunue asinunue. Bei sokoni mara nyingi huwa kati ya senti 40 za dola na dola moja kwa kliki. Wanunuzi wapya huanza kwa kulinganisha bei hizo. Mimi huziangalia mwisho. Chukua kliki 100 za senti 60. Hizo ni dola 60, kama shilingi 7,800 ukihesabu dola kwa 130. Wakijiandikisha kwenye orodha yako watu 30, kila mmoja amekugharimu dola 2. Wakithibitisha anwani zao, yaani kubonyeza linki unayowatumia baada ya kujiandikisha, 12 tu, sasa ni dola 5 kwa kichwa. Ikiwa unachouza ni kitabu cha mtu mwingine cha dola 7 na kamisheni yako ni nusu, unahitaji wanunuzi 18 kurudisha mtaji, na watu wenyewe ni 12! Kwa bidhaa yako mwenyewe ya dola 27, wanunuzi 3 wanatosha. Hesabu hii ifanyike kabla hujafungua ukurasa wa muuzaji yeyote, maana ikikataa kwenye karatasi haitakubali kwingine.

Muuzaji mwenyewe namuuliza mambo machache. Watu wake aliwakusanya vipi, na kwa ahadi gani? Orodha hiyo inatumiwa matangazo ya kulipiwa mara ngapi kwa wiki? Atatuma kwa barua pepe peke yake, au atajazia kliki kutoka madirisha yanayofunguka yenyewe kwenye tovuti? Anayejibu kwa kujisifia kwamba nusu ya watu wake hufungua barua, mwache. Tangu Apple ilipoleta kinga ya faragha kwenye programu yake ya barua mwaka 2021, picha ndogo zinazotumika kuhesabu waliofungua barua hupakuliwa zenyewe hata kama mtu hajasoma, kwa hiyo takwimu za kufungua zimevimba kila mahali. Maoni ya wanunuzi wa awali yana faida pale soko, yaani tovuti inayokutanisha wanunuzi na wauzaji wa kliki, linapoonyesha ni wangapi waliripoti mauzo. "Muuzaji mzuri, kliki zilifika haraka" haikuambii kitu.

Oda ya kwanza iwe kliki 50 hadi 100. Chini ya hapo huwezi kutofautisha bahati na ubora. Ukurasa wa kujiandikisha uwe kwenye kikoa (jina la tovuti) chako mwenyewe, wenye nafasi moja tu ya kujaza, yaani anwani ya barua pepe, na uwe mwepesi kwenye simu. Usimpe muuzaji linki ya kamisheni, ile ya bidhaa ya mtu mwingine unayoiuza, moja kwa moja: linki za aina hiyo zimetumiwa vibaya mno, na vichujio vya taka huzishuku mapema. Kila muuzaji apewe linki yake yenye alama ya utm_source, yaani neno mwishoni mwa linki linaloonyesha mgeni ametoka kwa nani, na uwe na kifuatiliaji chako mbali na kihesabio chake. Vihesabio viwili havilingani kamwe. Pengo dogo linatokana na watu waliofunga ukurasa kabla haujamaliza kufunguka. Pengo kubwa lina maelezo mengine.

Hapo ndipo roboti, yaani programu zinazobonyeza badala ya watu, huonekana. Dalili ni kliki nyingi kufika ndani ya dakika ya kwanza, anwani za IP (namba za kifaa kwenye mtandao) za vituo vya data badala ya kampuni za simu na intaneti za majumbani, toleo moja la kivinjari likijirudia, na majina ya anwani yasiyo na mpangilio wowote. Weka kwenye fomu nafasi iliyofichwa ambayo binadamu haioni. Ikijazwa, aliyejaza ni mashine. Lakini usikimbilie kumwita muuzaji mwizi. Mifumo ya usalama ya barua za ofisini hufungua linki ili kuzikagua kabla mfanyakazi hajazigusa, kwa hiyo orodha ya watu wa biashara itakuwa na kliki za mashine hata muuzaji akiwa mwaminifu. Ukidai kliki mbadala, peleka rekodi ya IP na saa. Malalamiko matupu hayafiki popote.

Kuhusu saa: barua ikitoka saa tatu asubuhi New York, hapa ni saa kumi alasiri wakati wa kiangazi chao, saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. Uwe macho jioni hiyo, maana fomu ikiharibika ukiwa umelala, kliki bado zinahesabiwa.

Kazi ngumu huja baada ya hapo, na wengi hawaizungumzii. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa wawe na SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio ya kikoa inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, waweke kitufe cha kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Kwa Gmail, mtumaji mkubwa ni anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wake, lakini SPF au DKIM inamhusu kila mtu. Watu walionunuliwa hulalamika kuliko waliokutafuta wenyewe, na sifa ya kikoa chako hubebwa na barua zote. Ukiwachanganya, mteja wako wa Westlands anaanza kupata risiti zake kwenye folda ya taka. Kwa hiyo wa kununuliwa nawatumia kutoka kikoa kidogo cha pembeni (mfano barua.jinalako.com), nadai uthibitisho wa anwani, na asiyebonyeza chochote kwa siku 30 namwondoa.

Usichanganye huduma hii na kununua faili la anwani lenyewe, lile la maelfu ya majina linalouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia data za mtu kibiashara bila ridhaa yake, na faini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Malipo: kadi ya M-PESA GlobalPay inafaa kwa masoko yanayopokea Visa. Lipa ndani ya soko linaloshikilia pesa mpaka kliki zifike. Muuzaji anayekuvuta Telegram ulipe kwa sarafu za kidijitali anakuondolea njia pekee ya kudai.

Muuzaji akifaulu, usiongeze oda wiki hiyo hiyo. Wale waliotaka ofa yako kwenye orodha yake wameshabonyeza. Mpe wiki kadhaa aingize watu wapya, au badilisha ofa. Na ukiwa na bajeti ya kutosha, jaribu kudhamini jarida la barua pepe la mada yako. Kliki yake mara nyingi ni ghali zaidi, ila msomaji alijiandikisha ili asome, na hiyo ndiyo nyota ya nne ambayo wauzaji wa kliki hawajaipata kwangu.