Deep Purple kwa santuri saba: nilichosikia kwenye kinanda

Kaseti haikuwa na jalada. Mjomba wangu, fundi redio pale Moshi, alikuwa ameiandika maneno mawili kwa kalamu, "Purple Japan", na alikuwa anaitumia kujaribia spika za wateja. Spika ikishabadilishwa koili, kaseti inaingia, mjomba anainamisha kichwa, anasikiliza besi, halafu anasubiri zile sauti kali za juu. Spika ikistahimili dakika kumi za hao jamaa bila kukwaruza, mteja anaitwa aje kuchukua mzigo wake.

Wakati huo nilikuwa najifunza kupiga kinanda kanisani. Siku moja kaseti ikafika mahali ambapo kuna mngurumo mzito, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, kisha mngurumo ule ukaanza kucheza, ukapanda, ukashuka, ukatania. Nikauliza ni gitaa la aina gani.

"Siyo gitaa hilo, mjomba," akanijibu huku akiendelea kulehemu. "Kinanda hicho."

Sikumwamini. Kinanda nilichokijua mimi kilikuwa cha kusindikizia nyimbo za kitabuni. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kuwa mjomba alisema kweli: ule ulikuwa mwanzo wa wimbo "Lazy", uliorekodiwa jukwaani Japani Agosti 1972, na aliyekuwa kwenye kinanda ni Jon Lord wa bendi ya roki ya Deep Purple.

Nimeeleza hayo ili msomaji ajue nimesimama wapi. Mashabiki wengi wa Deep Purple wakizungumzia mabadiliko ya kikosi huhesabu wapiga solo na waimbaji. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, na kwa miaka miwili nimekuwa nikinunua santuri zao moja moja, nyingine mpya, nyingine za mkononi, hadi zikafika saba zinazopita katika vikosi tofauti. Nilizisikiliza kwa mpangilio wa miaka, kwenye pleya ya santuri niliyoachiwa na mjomba huyohuyo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Bendi ilianza Uingereza mwaka 1968. Kikosi cha kwanza kilikuwa na Rod Evans kwenye sauti, Ritchie Blackmore gitaa la solo, Nick Simper besi, Ian Paice drams na Lord kwenye kinanda. Santuri niliyonunua ni ile ya tatu, ya 1969, yenye jina la bendi lenyewe. Ni santuri ya watu ambao bado hawajaamua wanataka kuwa nani. Lakini upande wa pili unafungwa na wimbo mrefu ambamo Lord ameandika sehemu nzima ya ala za okestra, na pale unamsikia mtu aliyefundishwa piano ya kiklasiki tangu utotoni. Kwa mgeni, hii si ya kuanza nayo. Mimi naipenda kwa sababu ya dakika zile.

Evans na Simper waliondolewa mwaka uleule kwa njia isiyopendeza. Wenzao walikuwa wanafanya mazoezi kwa siri na Ian Gillan na Roger Glover, waliochukuliwa kutoka bendi ya Episode Six, huku kikosi cha zamani kikiendelea kupanda jukwaani kama kawaida. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua habari za wanamuziki kuhama bendi. Mlimani Park yenyewe ilizaliwa mwaka 1978 na watu waliotoka bendi nyingine. Ila kumwacha mpiga besi apige shoo huku nafasi yake imeshajazwa, hilo linaniuma hadi leo. Na bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki kule Marekani, mwaka 2016, Evans alitajwa, Simper akaachwa nje.

Sasa kikosi cha pili. Hapa nitakaa kidogo.

"In Rock" ya 1970 ndiyo santuri yenye jalada la nyuso tano zilizochongwa mlimani kama zile za marais wa Marekani. Nakala yangu ni mpya, imechapwa vizuri, haina kelele za vumbi. Ukiweka sindano jambo la kwanza utakalosikia ni fujo, halafu fujo inakatika na kinanda kinabaki peke yake, taratibu, kama mtu anayeomba. Sekunde chache baadaye bendi nzima inakuangukia. Miezi tisa kabla ya hapo, Septemba 1969, Lord alikuwa ameiongoza bendi hii kupiga na Royal Philharmonic Orchestra katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kazi aliyoitunga mwenyewe. Watu wakaanza kusema Deep Purple ni bendi ya okestra. "In Rock" ni jibu la Blackmore kwa maneno hayo, na uzuri ni kwamba Lord hakununa. Alikichukua kinanda chake akakipeleka upande wa gitaa.

Alikipelekaje? Hili ndilo jambo nililotaka kulifahamu kuliko yote. Hammond, kinanda cha umeme alichokuwa akipiga, kwa kawaida huunganishwa na kabati la spika liitwalo Leslie, ambalo ndani yake kuna pembe na ngoma zinazozunguka na kuifanya sauti iyumbe kwa upole. Ndiyo sauti ya makanisa mengi ya Marekani. Lord akaona haitoshi kupambana na gitaa la Blackmore, akakiunganisha kinanda na amplifaya za Marshall, zile za wapiga gitaa, akazisukuma hadi sauti ikaanza kupasuka. Basi. Mngurumo wa lori niliousikia dukani kwa mjomba ulitoka hapo. Hata ule mpigo maarufu wa gitaa wa "Smoke on the Water", ambao kila anayejifunza gitaa huanza nao, uliotungwa baada ya kasino ya Montreux, Uswisi, kuungua Desemba 1971 watu wakiwa kwenye onyesho la mwanamuziki Frank Zappa, usikilize tena kwa makini: gitaa linaanza peke yake, kisha kinanda kinaingia juu yake na noti zilezile, na kuanzia hapo huwezi tena kusema kwa uhakika gitaa linaishia wapi.

"Made in Japan" ni santuri mbili katika jalada moja, nyimbo saba tu, zilizorekodiwa Osaka na Tokyo. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja cha Deep Purple, nunua hiki. Kwenye kaseti ya mjomba "Lazy" ilikuwa imesinyaa, mkanda umechoka, mara nyingine unanaswa tunaurudisha kwa kalamu ya Bic. Kwenye santuri unasikia chumba. Unasikia Lord akikinyanyasa kinanda mwanzoni, kinakoroma, kinapiga kelele, kisha Paice anaingia kwa wepesi wa mpigaji wa jazi. Nilisikiliza upande huo, wa tatu, mara nne usiku mmoja, na mke wangu akaja kuuliza kama nimepokea habari mbaya, kwa jinsi nilivyokuwa nimeinama.

Gillan aliondoka katikati ya 1973, na Glover naye akatoka. Ndipo walipomchukua David Coverdale, kijana asiyejulikana aliyekuwa anauza nguo dukani, pamoja na Glenn Hughes wa bendi ya Trapeze, mpiga besi ambaye pia ni mwimbaji. Kikosi cha tatu, basi, kina sauti mbili. Wapo wanaosema Deep Purple halisi iliishia kwa Gillan. Nawaheshimu, lakini hawajaisikiliza "Burn" ya 1974 kama inavyostahili. Katika wimbo uliobeba jina la santuri, Blackmore anapiga solo yake, kisha Lord anajibu kwa mlolongo wa kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ambao yeyote aliyewahi kufanya mazoezi ya Bach, mtunzi wa kiklasiki, ataujua mara moja. Vidole vyangu vilijisogeza vyenyewe mezani. Na Hughes ameleta kitu ambacho bendi haikuwa nacho, ladha ya muziki wa soul, hivyo kinanda kinapata nafasi ya kupumua na kuimba chini ya sauti za watu wawili, kama kinavyofanya chini ya kwaya.

Lazima niseme ukweli kuhusu nakala yangu ya "Burn". Niliagiza ya mkononi kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja ndani ya bahasha nyembamba isiyo na kadibodi, imepinda upande mmoja. Sindano inaruka, na inaruka pale pale kwenye solo ya kinanda. Nilimwandikia, hakujibu. Ushauri wangu: usinunue santuri ya mkononi bila picha inayoonyesha imewekwa juu ya kitu bapa, na mwambie muuzaji kabla hujalipa kwamba unataka kadibodi pande zote mbili.

Blackmore aliuona ule mwelekeo wa soul umezidi, akaondoka 1975 kwenda kuanzisha bendi ya Rainbow. Wakamchukua Mmarekani, Tommy Bolin, wakatoa "Come Taste the Band". Santuri hii nimeisikiliza mara chache kuliko nyingine. Gitaa ni zuri, ila kinanda kimerudi nyuma mno, kama mgeni aliyepewa kiti cha pembeni. Mwaka 1976 bendi ikavunjika, na Desemba ya mwaka huo Bolin akafariki, ana miaka 25. Kila nikimsikiliza nakumbuka umri huo.

Mwaka 1984 kikosi cha pili kilirudi kwa "Perfect Strangers". Wimbo wenye jina hilo unafunguliwa na Hammond peke yake, mzito, wenye huzuni, na mtu hahitaji kuangalia jalada kujua ni nani wamerudi. Santuri nzima haina nguvu ya ile ya Japani, na drams zimerekodiwa kwa mtindo wa miaka ile ambao siupendi. Lakini kwa wimbo huo mmoja pesa yangu ilikuwa halali.

Mambo yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu sina santuri zake: Gillan kufukuzwa 1989, Joe Lynn Turner kuimba kwenye albamu ya 1990, Gillan kurudi, Blackmore kuondoka moja kwa moja mwaka 1993 katikati ya ziara, Joe Satriani kushika nafasi kwa muda. Kisha Steve Morse akaingia 1994 na akakaa miaka 28, muda mrefu kuliko mpiga solo mwingine yeyote wa bendi hiyo. Watu humsahau katika hesabu. Alitoka 2022 ili kumuuguza mke wake, na nafasi yake akachukua Simon McBride wa Belfast.

Kwangu mimi badiliko kubwa kuliko yote lilitokea 2002, na halikuhusu gitaa. Lord alistaafu bendi ili atunge muziki wake wa okestra, na kinanda kikaenda kwa Don Airey, ambaye awali alikuwa Rainbow. Nilipouanza mradi huu niliamini kwamba nikifika hapo nitakuwa nimefika mwisho. Ndiyo maana santuri ya saba, "Now What?!" ya 2013, niliinunua kwa shingo upande.

Nilikosea. Airey hamwigi Lord. Mkono wake wa kulia una haraka zaidi, na anapenda sauti nyingine za vinanda vya kisasa ambazo Lord aliziwekea mipaka. Lakini Hammond inapoingia, imepasuka vilevile, imekaa palepale kati ya gitaa na besi, na Paice, mtu pekee aliyekuwemo katika kila kikosi tangu 1968, anampigia kama alivyompigia Lord: mbele kidogo ya mpigo, bila kumsukuma. Lord alifariki Julai 2012, na ndani ya santuri hii kuna nyimbo zilizoandikwa kwa kumbukumbu yake. Ukiijua historia yote hii, utaisikiliza ukiwa umekaa kimya.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba. Hafanyi tena kazi, macho yamemkatalia vitu vidogo, ila masikio bado ni ya fundi. Nilibeba pleya, santuri ya 2013, na amplifaya aliyoitengeneza mwenyewe zamani. Akasikiliza wimbo wa kwanza kichwa kikiwa kimeinama, kama dukani.

"Drams ni yuleyule," akasema.

"Ni yuleyule."

"Kinanda siyo."

Nikamweleza kuwa Jon Lord alishafariki, mwaka 2012. Hakuwa anajua. Alinyamaza mpaka upande ule wa santuri ukaisha, sindano ikawa inazunguka katikati ikilia ch, ch, ch. Kisha akauliza kama ile ya Japani nimekuja nayo.

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaniambia niweke upande wa tatu.